Ujasiriamali shuleni Mtwara na Lindi: mradi wa shule, kampuni ya wanafunzi, kukaa kwa fundi au mpango wa biashara?

Mwanafunzi anayemaliza kidato cha nne mwezi wa Novemba anarudi nyumbani wakati korosho zinaokotwa na minada imeshika kasi. Huo ndio msimu ambao fedha huzunguka kijijini kuliko miezi mingine yote. Yeye anaweza kuandika kwenye karatasi ya mtihani tofauti ya mtaji na faida, lakini hajawahi kupanga bei, hajawahi kukataliwa na mteja, wala hajawahi kufunga hesabu za siku akakuta pungufu ya sh 1,500 na kulazimika kuitafuta ilikopotelea.

Upande wa darasani umeanza kushughulikiwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, yenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali (wa ufundi), na somo la Elimu ya Biashara limeingia kwenye ratiba kuanzia kidato cha kwanza. Swali la mkuu wa shule na mwalimu mlezi sasa ni jingine: nje ya kipindi, wanafunzi wafanye nini kwa mikono yao? Njia zinazowezekana kwa shule ya kawaida ya Lindi, Masasi, Kilwa au Newala ni nne, na hazifanani hata kidogo kwa gharama, kwa kazi ya mwalimu, wala kwa kile anachobaki nacho mwanafunzi.

Tunazipima kwa maswali matatu. Nani anaamua kitu gani kiuzwe? Nani anapanga bei? Hasara ikitokea, inamuuma nani? Majibu yote matatu yakiwa "mwalimu", basi mwanafunzi ni kibarua asiyelipwa, hata kama ubao wa matangazo unasema klabu ya ujasiriamali.

| Njia | Mtaji wa kuanzia | Wanafunzi | Muda | Inapovunjika |
|---|---|---|---|---|
| Mradi wa shule (bustani, kuku) | Bustani kidogo. Kuku wa nyama 100 karibu sh milioni 1 | 30 hadi shule nzima | Mwaka mzima | Maji, likizo, na uamuzi kubaki ofisini |
| Kampuni ya wanafunzi | sh 50,000 | 12 hadi 18 | Wiki 16 | Mali kauli na kula mtaji |
| Kukaa kwa fundi au dukani | Nauli tu | Wawili wawili | Siku 10 za likizo | Mwanafunzi kugeuzwa wa kutumwa |
| Mpango wa biashara darasani | Karatasi | Darasa zima | Wiki 4 hadi 6 | Mipango ya kunakili |

Mradi wa shule

Hii ndiyo njia tuliyoizoea. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shamba la shule lilikusudiwa kuwa mahali pa kujifunza: wanafunzi wapange, wahesabu, wajadili mapato yatumike vipi. Mahali pengi kilichobaki ni jembe, tena jembe la adhabu. Aliyechelewa anapelekwa shambani, aliyefanya vizuri anasamehewa. Mtoto aliyelelewa hivyo anajifunza kwamba kilimo ni cha waliokosea, na hakuna semina itakayomwondolea fundisho hilo. Shule inayotaka kufufua mradi wake ianze kwa kupiga marufuku adhabu ya shamba, kabla haijanunua hata mbegu.

Baada ya hapo hesabu maji. Tuta moja la mchicha au figiri la mita 1 kwa mita 10 linataka lita 50 hadi 60 kwa siku wakati wa kiangazi, yaani ndoo tatu za lita 20. Matuta kumi ni ndoo thelathini, kila siku, pamoja na Jumapili. Shule iliyo bonde la Lukuledi au karibu na Ruvuma inaweza kuzipata. Shule ya uwanda wa Makonde, Newala au Tandahimba, ambako maji ni ya kununua au ya foleni, isijidanganye: bustani ya kiangazi itakula fedha zaidi ya itakazoleta, na watakaobeba ndoo hizo ni wasichana.

Ukitegemea mvua, kalenda ya kusini haikubaliani na ya shule. Msimu wetu ni mmoja. Mvua huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Wakati wa kupanda wanafunzi wako likizo; wakirudi Januari nyasi zimeshafika magotini. Zao linaloendana vizuri zaidi na mihula ni ufuta, kwa sababu hupandwa Januari hadi Februari, wanafunzi wakiwa shuleni, na huvunwa kuanzia Mei, kabla ya kufunga Juni. Hatari yake ni kuchelewa kukata. Vitumba vikikauka shambani hupasuka na mbegu zinamwagika chini, na mtihani wa muhula unaangukia wiki hizohizo.

Kuku wa nyama hukomaa kwa wiki 5 hadi 6, kwa hiyo wanaingia vizuri ndani ya muhula. Kuku 100 hula mifuko 7 hadi 8 ya chakula ya kilo 50 mpaka kufikia kilo mbili kila mmoja, na chakula peke yake hubeba zaidi ya nusu ya gharama zote. Nafasi ni kuku kumi kwa mita moja ya mraba, wala isizidi, kwa sababu joto la pwani huua kuku walionenepa saa nane mchana kama banda halipitishi upepo. Chanjo za mdondo na gumboro zipangwe na ofisa mifugo wa kata kabla vifaranga havijafika. Zikichelewa wiki moja mnaweza kuzika kundi zima. Hesabu tarehe kurudi nyuma: kama shule inafunga mwanzoni mwa Juni, vifaranga viingie si zaidi ya katikati ya Aprili. Kuku waliobaki likizo hula bila kuuzwa, na anayewalisha ni mlinzi.

Je, mwanafunzi anajifunza biashara hapo? Anajifunza ufugaji. Biashara anajifunza akipewa kundi lake na daftari lake. Badala ya bustani moja ya shule, gawa matuta: kila kundi la wanafunzi wanane matuta mawili, mbegu wamekopeshwa kwa maandishi, na wao ndio wanaochagua wapande nini na wamuuzie nani. Shule ya bweni ina mteja tayari, jiko, lakini jiko hilo huwa mdeni mbaya kuliko wote. Mboga zinachukuliwa, malipo "tutaangalia". Jiko lilipe taslimu au lisaini daftari kila siku, la sivyo wanafunzi wauze sokoni.

Na kumbukeni kwamba mapato ya mradi katika shule ya serikali ni fedha za umma. Yanapita kwenye akaunti ya shule, kwa stakabadhi, na yanakaguliwa. Hilo ni jambo jema, ila maana yake ni kwamba mwanafunzi hawezi kuamua Jumatano kwamba faida inunue mbegu Alhamisi.

Kampuni ya wanafunzi

Mtindo huu umetoka mbali kidogo. Junior Achievement, iliyoanzishwa mwaka 1919 Springfield, Massachusetts, ndiyo iliyoueneza: vijana wachache wanaunda kampuni ndogo, wanauza hisa, wanazalisha kitu kimoja, wanauza, kisha wanaifunga na kugawana kilichopo. Ufupi wake ndio nguvu yake. Kampuni ina siku ya kuzaliwa na siku ya kufa, na hakuna mzigo unaoachiwa mwalimu wa mwaka unaofuata.

Chagueni kidato cha tatu. Kidato cha pili na cha nne wana mitihani ya taifa mwishoni mwa mwaka, na mzazi atakayeona mwanawe anauza kashata Oktoba atakuwa na haki ya kulalamika. Wanachama 12 hadi 18. Wakizidi hapo, nusu yao watakuwa watazamaji.

Mtaji ni hisa 50 za sh 1,000. Wanachama 15 wakichukua hisa mbili kila mmoja mnapata sh 30,000. Hisa 20 zilizobaki wauzieni walimu na wazazi, hivyo mnafika sh 50,000. Mtu mmoja asivuke hisa tano. Hisa ziwe za hiari kabisa: elimu ya kidato cha kwanza hadi cha nne haina ada tangu 2016, na mchango wa lazima uliovalishwa jina la hisa bado ni mchango wa lazima. Asiye na sh 1,000 aingie kwa kazi, alipwe hisa baada ya mauzo ya kwanza. Bodi ya shule iridhie kwa muhtasari wa kikao. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kisheria wa kufunga mkataba, kwa hiyo kama kuna kibanda cha kukodi au mzigo wa kukopa, atakayesaini ni mtu mzima, na atakayedaiwa ni huyohuyo. Ushauri wetu: msikodi, msikope.

Bidhaa gani? Wanafunzi watataja korosho kwanza. Korosho ghafi ziachwe. Mafuta ya ganda lake huunguza ngozi, hivyo kubangua si kazi ya watoto. Na kununua korosho kwa wakulima nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani wa kuuza kwa mnada kupitia ghala, ni kangomba, kosa wanaloliona mitaani kila msimu mpaka wengine wanaliona kuwa ndiyo biashara yenyewe. Hapa mwalimu asimame imara. Korosho zilizobanguliwa zinaweza kununuliwa kwa vikundi vya wabanguaji na kufungwa upya, ila kilo chache tu zitameza mtaji wote, na mfuko mmoja ukiota ukungu kampuni imekufa. Mabibo, matunda ya mkorosho, ni ya bure msimu wa korosho, lakini huanza kuchacha ndani ya siku moja, na juisi yake ina ukakasi unaotaka kuondolewa kwa utaalamu. Yanafaa kwa shule iliyo na mtu aliyepata mafunzo ya usindikaji, si kwa kujaribu.

Kashata za ufuta ndizo tunazozipendekeza kwa kampuni ya kwanza. Malighafi iko hapa, hazihitaji jokofu, na hesabu zake zinafundisha. Bei zifuatazo ni za mfano. Wanafunzi waende sokoni waweke za kwao.

Ufuta kilo 5 kwa sh 4,000 ni sh 20,000. Sukari kilo 3 kwa sh 3,000 ni sh 9,000. Mkaa sh 2,000, vifungashio sh 1,500. Jumla sh 32,500. Ufuta ukipepetwa, ukaoshwa kutoa mchanga, ukaanikwa na kukaangwa kwa moto mdogo, unapoteza uzito kidogo; sukari nyingine inabaki kwenye sufuria. Kutoka kilo 8 tegemeeni kilo 7.6 za kashata. Zikikatwa gramu 40 kila kipande mnapata vipande 190. Kwa sh 200 ni sh 38,000, faida sh 5,500.

Sasa angalieni kisu. Mkataji akiwa na mkono mzito, kipande kikawa gramu 50, vipande vinashuka hadi 152 na mauzo yote ni sh 30,400. Hasara sh 2,100, na hakuna aliyeiba, hakuna aliyelala, hakuna kilichomwagika. Gramu kumi ambazo jicho halizioni zimekula faida na kuingia kwenye mtaji. Mwanafunzi akiiona hesabu hiyo kwa bidhaa aliyoikata mwenyewe, hasahau mizani tena. Tumieni mizani ya jikoni inayosoma gramu, iazimwe kwa mtu. Ya maabara isiguse chakula, imeshapimia kemikali. Mkinunua yenu, gharama igawanywe kwenye mizunguko yote ya kupika, isibebeshwe ule wa kwanza peke yake.

Kuna hesabu ya pili iliyomo humohumo. Gharama sh 32,500 gawa kwa 200: kipande cha 163 ndicho kinachorudisha mtaji. Faida yote imo kwenye vipande 27 vya mwisho. Na vipande 27 vya mwisho ndivyo vinavyoonjwa, vinavyopewa rafiki, vinavyovunjika kwenye ndoo na vinavyochukuliwa kwa mali kauli na mwalimu wa zamu. Waandikieni ubaoni kwa chaki: 163. Kila jioni muuzaji aseme amefika wapi.

Upishi wenyewe una makosa yake. Sukari ikiyeyushwa kwa moto mkali inaungua na kashata zote zinakuwa chungu. Ikitolewa kabla haijayeyuka sawasawa, kashata zinakuwa na chenga na zinamegeka. Ikishakuwa rangi ya asali, epua, mimina ufuta, koroga haraka. Ubao na kigongo cha kusukumia viwe vimepakwa mafuta kabla, si wakati huo. Kata zikiwa za moto. Zikipoa hazikatiki, zinapasuka. Sukari iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi na kuunguza kuliko maji ya moto, kwa hiyo wapishi wawili tu karibu na jiko, na mtu mzima awepo. Fungeni mara zinapopoa, siku hiyohiyo, kwa sababu unyevu wa hewa ya pwani huzilainisha na kesho yake zinanata kwenye karatasi. Kilwa na Lindi mjini hilo ni tatizo kubwa kuliko Masasi au Nachingwea.

Vyeo visiwe mapambo. Anayeshika fedha asiwe anayeshika stoo, na hao wawili wasiwe wauzaji. Baada ya wiki nne badilishaneni. Sanduku liwe na kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu, kama kwenye vikoba. Watoto wengi wameliona nyumbani kwa mama zao, halihitaji somo refu. Daftari la fedha lina safu tano: tarehe, maelezo, zilizoingia, zilizotoka, baki. La stoo lina nne: vilivyopikwa, vilivyotoka, vilivyorudi, vilivyovunjika. Jioni, vilivyotoka toa vilivyorudi toa vilivyovunjika, zidisha kwa 200, na jibu lazima lifanane na fedha mkononi. Lisipofanana, andikeni tofauti kwa wino na kiasi chake. Kufuta ni kosa kubwa kuliko kupungukiwa.

Mali kauli huua kampuni hizi kuliko kitu kingine chochote. Mwanafunzi hawezi kumdai mwalimu wake, na mwalimu mwenyewe hajui kwamba sh 600 anazodaiwa ni zaidi ya sehemu ya kumi ya faida ya wiki. Kanuni iwe moja, ibandikwe ukutani wa ofisi ya walimu: fedha kwanza. Mkuu wa shule awe wa kwanza kuifuata mbele ya watu.

Mkianza wiki ya kwanza ya Julai, wiki mbili za mwanzo ni za kuuliza wateja na kupanga bei, ya tatu na ya nne za kuuza hisa na kupika mzunguko mdogo wa kilo moja, na kuanzia ya tano ni kuuza kila wiki. Mkipika mzunguko mmoja mnabaki na sh 17,500 kwenye sanduku. Hiyo si ya kutumia, ni ya kunusuru kampuni sufuria ikiungua. Wiki ya 14 acheni kupika. Ya 15 kusanyeni na kufunga madaftari. Ya 16 ni mkutano wa wenye hisa, katikati ya Oktoba, kila anayehusika akiwa mbele ya madaftari.

Kama kilichopo ni sh 41,000, kila hisa ya sh 1,000 inarudi sh 820, na mhazini anasimama kueleza 180 zimekwenda wapi. Mwalimu mlezi asitoe mfukoni kufidia. Tunaelewa huruma inayomsukuma, lakini fidia hiyo inafuta somo zima: mtoto anaondoka akiamini kwamba hasara ina mwenyewe, na mwenyewe si yeye.

Kampuni ikifanikiwa na wanafunzi wakitaka kuuza madukani mjini, mambo yanabadilika. Chakula kilichofungwa kinaingia kwenye usimamizi wa TBS, shirika la viwango, na ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, Mtwara na Lindi ndizo za kuanzia kwa mjasiriamali mdogo anayetaka kuelekezwa kuhusu lebo, jengo na nembo. Ndani ya shule, ofisa afya wa kata aone jiko kabla ya siku ya kwanza.

Kukaa kwa fundi au dukani

Hapa mwanafunzi haanzishi kitu. Anakaa siku kumi za likizo ya Juni kwa fundi cherehani, fundi simu, muuza vifaa vya ujenzi, saluni au mama lishe, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Anachoweza kupata hapo hakipo kwenye njia nyingine: namna mtu mzima anavyozungumza na mteja mkorofi, anavyokadiria kazi kwa kuitazama, anavyoweka akiba ya Februari wakati fedha ya korosho imekwisha mifukoni mwa watu. Mafundi wa kusini wanaishi kwa msimu. Kijana anayetaka kufungua karakana Ruangwa au Tandahimba bila kujua fundi anakula nini mwezi wa Machi atafunga kabla ya msimu wa pili.

Tatizo ni kwamba bila makubaliano atafagia, atachota maji, atatumwa vocha. Mwalimu aende mwenyewe kwa fundi, waandikiane karatasi moja yenye ahadi moja ya msingi: mwanafunzi ataonyeshwa kazi tatu tangu mteja anapouliza bei mpaka anapolipa. Mafundi wengi hawapendi kutaja faida yao mbele ya mtoto wa jirani. Usilazimishe. Mwambie mwanafunzi aandike kiasi cha vifaa, muda uliotumika na bei aliyolipa mteja. Tofauti ataipata mwenyewe nyumbani. Kila jioni ajibu maswali matano kwenye daftari: nani alikuja, aliondoka na nini, nani aliahirisha kulipa, kifaa gani kilikosekana, mteja gani alirudi na kwa nini.

Usalama hauna mjadala. Wawili wawili, hasa wasichana, mzazi amesaini, mwalimu anatembelea angalau mara mbili bila taarifa. Kazi hatarishi haziruhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo kuchomelea bila kinga, kupanda juu ya paa na kupuliza salfa kwenye mikorosho visahaulike. Panapotokea neno au mkono usiofaa, mwanafunzi anaondolewa siku hiyo, na maswali yanafuata baadaye.

Njia hii ni rahisi mjini na ngumu kijijini. Mtwara mjini mwalimu atapata mafundi ishirini kwa kutembea asubuhi moja. Kwenye kata yenye maduka matatu, wanafunzi sita wanatosha kuwachosha wote. Shule iliyo karibu na chuo cha ufundi stadi cha VETA, Mtwara au Lindi, iombe wanafunzi watembelee karakana kabla ya kwenda kwa fundi. Akishajua majina ya vifaa hatakuwa mzigo siku ya kwanza.

Mpango wa biashara darasani

Ni nafuu, unafika kwa kila mtoto katika darasa la 80, na mwalimu anaweza kuusahihisha. Kwa hayo tu usidharauliwe. Lakini ukiachwa ulivyo, utapokea mipango arobaini ya kufuga kuku 1,000 kwa mtaji wa sh 5,000,000 "kutoka benki", yote ikiwa na faida mwezi wa pili na hakuna hata kuku mmoja aliyekufa.

Masharti matatu huunyoosha. Mtaji usizidi sh 30,000. Kila bei iwe na jina la soko na tarehe iliyoulizwa. Na mpango uambatane na majibu ya watu kumi walioulizwa kama wangenunua, wakiwemo angalau watatu waliosema hapana na sababu zao. Ukurasa mmoja unatosha. Mashindano yenye zawadi kubwa tusingeyapendekeza hapa. Humpa ushindi mwenye mwandiko na mwenye kaka wa chuo kikuu.

Ipi kwa shule ipi

Shule ya kutwa ya kata yenye mlezi mmoja, bila maji ya uhakika: kampuni ya wanafunzi, moja tu kwa mwaka, kidato cha tatu. Sh 50,000 zinapatikana, na zikipotea zote hakuna atakayeitwa ofisini.

Shule ya bweni yenye kisima, ardhi na mfanyakazi anayebaki likizo: mradi, kwa mtindo wa matuta na madaftari ya vikundi. Kuku wasianze mwaka wa kwanza. Anzeni na bustani, na mkishamaliza mwaka mzima daftari likiwa halina siku iliyorukwa, leteni vifaranga 50, si 100.

Shule ya mjini Mtwara, Lindi, Masasi au Nachingwea: mafundi wakati wa Juni, kisha Julai wanafunzi haohao waunde kampuni. Mpangilio huu ndio wenye nguvu kuliko yote tuliyoitaja, kwa sababu anayerudi kutoka kwa fundi anaingia kwenye kampuni akiwa ameshaona mteja anaondoka bila kununua. Unataka walimu walezi wawili walio tayari kutembea wakati wa likizo. Kama hawapo, msiuanze nusunusu.

Shule ya mkondo wa amali ina karakana na mwalimu wa fani tayari. Kinachokosekana mara nyingi ni bei. Meza iliyotengenezwa kwa mazoezi ihesabiwe mbao, misumari, msasa, vanishi na saa za kazi, kisha iuzwe kwa mtu wa nje, na wanafunzi ndio wazungumze naye.

Mpango wa biashara uwe wa madarasa yote, popote, kama utangulizi. Waliofanya vizuri kwenye yale maswali ya watu kumi, si kwenye mwandiko, ndio wapewe nafasi ya kwanza ya kuingia kampuni Julai. Orodha hiyo ibandikwe kabla ya kufunga shule Juni, ili walio likizoni waulize bei ya ufuta na sukari kwenye masoko ya kwao, na siku ya kufungua kila mmoja aje na karatasi yake.